Nani Kamletea Mtoto Mafua? Wagonjwa wasioonekana, kutoka Ubena ya 1918 hadi stendi ya Makambako

SEHEMU YA 1

Leo naanza ule mfululizo niliowaahidi. Ni mrefu, kwa hiyo chukua uji wako, mweke mtoto anyonye, tusome taratibu.

Baridi ya Juni ikianza huku Njombe, kuna swali linazunguka karibu kila nyumba yenye kichanga: "Nani kamletea mtoto mafua?" Bibi anamtazama mama. Mama anamtazama dada wa kazi. Dada wa kazi anakumbuka yule mgeni wa Jumapili aliyekuja na kikohozi. Mwisho wa siku, nikisema ukweli, lawama inamwangukia mama. Eti ulimtoa bila kofia. Eti ulimpeleka sokoni Makambako asubuhi na ule upepo. Eti ulimwogesha jioni.

Mara nyingi sana aliyeleta ni mtu ambaye siku hiyo hakuwa anaumwa kitu. Hakukohoa, hakuwa na homa, pua yake ilikuwa kavu. Alicheka na mtoto, akambusu, akaondoka zake.

Watu wa namna hii wako wa aina mbili, tusiwachanganye. Kuna ambaye ugonjwa umeshaingia ila dalili bado, zitakuja kesho au keshokutwa. Na kuna ambaye dalili haziji kabisa: kirusi kinaingia, kinakaa siku kadhaa, kinatoka, yeye hana habari. Wote wawili wanaweza kuambukiza. Wa kwanza ni hatari zaidi kuliko wa pili, nitaeleza kwa nini mbele huko.

Mbona natumia historia badala ya kuwapa tu maelekezo ya kunawa mikono? Kwa sababu maelekezo mmeshayasikia mpaka yamewachosha. Na kwa sababu jambo hili limepita hapa kwetu, kwenye barabara hii hii, zaidi ya mara moja, na kila mara tulitafuta wa kumlaumu tukamkosa mwenyewe.

SEHEMU YA 2

Turudi Oktoba 1918. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inaelekea mwisho, ila huku kwetu bado moto. Jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa amekimbizwa na Waingereza mpaka Msumbiji. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo akavuka tena mto Ruvuma kurudi upande wetu, akapita nchi ya Songea, akapandisha kuja Ubena. Ubena ndiyo hii Njombe yetu, nchi ya Wabena. Watoto wetu wanafundishwa habari za Lettow-Vorbeck kama vile alipigania Tanga tu, lakini safari yake ya mwisho ilipita hapa.

Usifikirie jeshi la kwenye filamu. Ulikuwa msururu wa watu wenye njaa: maofisa wachache Wazungu, askari Waafrika zaidi ya elfu moja, wapagazi wa kubeba mizigo, na nyuma yao wanawake. Ndiyo, wanawake, wake wa askari, wengine na watoto mgongoni. Walikuwa wametembea miaka. Kuna watoto waliozaliwa njiani.

Katika safari hiyo wakaingiwa na ugonjwa wa kifua. Lettow-Vorbeck mwenyewe ameueleza kwenye kumbukumbu zake: karibu nusu ya watu wake walishikwa kifua na kikohozi, na katika kila kombania watu watatu mpaka sita wakapata nimonia. Tatizo likawa hivi: msafara mzima uliweza kubeba wagonjwa kama 80 tu. Kwa hiyo wengine, kama 20 hivi ambao nimonia yao ilionekana nyepesi, ikabidi watembee kwa miguu. Fikiria nimonia, halafu vilima vya huku, halafu mvua za mwanzo. Walipofika Ubena wakawaacha wagonjwa na majeruhi, akiwemo Jenerali Wahle, mzee aliyekuwa hawezi tena kuendelea. Wengine wakasonga mbele kuelekea Mbozi na Zambia ya leo.

Wakati huo huo mafua makali yaliyoitwa ya Kihispania yalikuwa yanazunguka dunia nzima. Mombasa yalifika Septemba 1918 kwa njia ya meli. Vita ikawa gari lake: askari, wapagazi, treni, makambi. Hata jina la Kariakoo kule Dar linatokana na kikosi hicho cha wapagazi wa Waingereza, lile soko lilikuwa kambi yao. Kwa Tanganyika peke yake wanahistoria hutaja makadirio ya watu 50,000 hadi 80,000 waliokufa kwa mafua yale. Duniani watu milioni 50, wengine wanasema hata zaidi. Na yalikuwa mafua ya ajabu, yaliwaua sana vijana wa miaka 20 mpaka 40, na wajawazito yaliwafagia.

Sasa niwaambie ninavyouona mimi ule msafara wa Ubena, kwa jicho la mtu anayekaa wodini. Wagonjwa wazito walibebwa au waliachwa. Mgonjwa mzito yuko mahali pamoja, kila mtu anamwona, anayemkaribia anajua anachokaribia. Waliotembea toka kijiji mpaka kijiji, waliopiga hodi kuomba chakula, waliolala kwenye nyumba za watu, ni wale waliojiona wazima. Mafua ya namna ile yanaanza kutoka kwa mtu kama siku moja kabla hajasikia lolote. Mtu anaamka vizuri, anatembea kutwa nzima, jioni anakunywa kwenye kibuyu kimoja na wenyeji wake. Usiku homa inampanda. Ameshaacha nini nyuma yake?

Na kijiji kingelaumu nani? Kingemlaumu yule aliyeonekana anakohoa. Tena nchi hii ilikuwa na makovu, miaka kumi na kitu tu tangu Maji Maji na njaa yake. Watu walikuwa na sababu nyingi za kutafuta mchawi.

Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, ndiyo Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, vita Ulaya ikiwa imeisha wiki mbili nyuma. Watu wake wakavushwa Ziwa Tanganyika, wakafikishwa Tabora kwa reli. Walikuwa wamepona risasi za miaka minne. Wengi wakafia Tabora, kwa mafua.

SEHEMU YA 3

Hii ni fupi, ni kuhusu jinsi madaktari walivyokuja kujua.

Mwaka 1918 hakuna aliyejua mafua yanasababishwa na nini. Walidhani ni bakteria. Ila wazo la "mzima anayebeba ugonjwa" lilikuwepo tayari kwa magonjwa mengine, hasa taifodi. Mwaka 1907 huko New York aligunduliwa mpishi mmoja, Mary Mallon, mhamiaji kutoka Ireland. Karibu kila nyumba aliyopika watu waliugua taifodi. Yeye mwenyewe alikuwa na afya njema na alikataa katakata kwamba anaumwa. Na utamlaumu? Ukiambiwa leo wewe ni mgonjwa na hujisikii kitu, utakubali? Walimfungia kisiwani, kwa jumla kama miaka 26 ya maisha yake. Walikuwepo wengine mamia wa hali kama yake pale New York, wakaachwa waishi. Yeye alikuwa mwanamke, mgeni, maskini, halafu mkali. Jina lake likawa tusi mpaka leo.

Taifodi siyo ya hewa, tuiache hapo.

Kirusi cha mafua ya binadamu kilipatikana mwaka 1933 London. Watafiti watatu, Smith, Andrewes na Laidlaw, waliwatia wanyama fulani wadogo warefu, wa jamii ya kicheche, makamasi ya watu wenye mafua. Wale wanyama wakaugua kabisa, wakapiga chafya kama watu. Miaka michache baadaye mtafiti kijana, Stuart-Harris, alikuwa anamchunguza mnyama mmoja mgonjwa, akapigwa chafya ya usoni. Karibu siku mbili baadaye akashikwa mafua, na kirusi kilekile kikapatikana kwake.

Naipenda hii habari kwa sababu ya zile siku mbili. Kwa mara moja tunajua saa ambayo mtu aliambukizwa na saa ambayo aliugua. Katikati yake alikuwa anakula, anafanya kazi, anaongea na watu, mzima wa afya.

SEHEMU YA 4

Sasa tuje kwenye ile tunayoikumbuka wote. Wengine mlijifungua mwaka ule, mnajua hofu niliyo nayo kuandika hapa. Siasa yake siigusi, inbox mtanisamehe.

Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania. Alikuwa Mtanzania wa miaka 46 aliyetua siku moja kabla Uwanja wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Uwanjani alipimwa joto kama wengine, hakuwa na homa, akapita. Alipofika hotelini Arusha ndipo akaanza kujisikia vibaya, akaenda hospitali mwenyewe. Kipimajoto hakikuwa kibovu na waliompima hawakuwa wazembe. Kipimajoto kinapima joto. Hakipimi kitu ambacho hakijafika.

Kesho yake shule zikafungwa. Mnakumbuka kilichofuata: ndoo za maji tiririka kila mlango, barakoa za kitenge, daladala watu wakae bila kusimama, nyungu kila nyumba. Na vile vipimajoto vya kuelekezwa kwenye paji la uso kama bastola.

Hebu tafakari Makambako katika hali ile. Mji umekaa kwenye njia panda. Barabara kuu ya Dar kwenda Mbeya na Tunduma inapita hapo, barabara ya Njombe na Songea inaanzia hapo, na stesheni ya TAZARA ipo. Lori la shehena ya Kongo, basi la Songea, mama wa viazi kutoka Uwemba, mwanafunzi anayerudi nyumbani shule imefungwa, wote wanakula chipsi stendi ile ile. Mtu anayetoka Dar asubuhi anashuka Makambako jioni. Kama aliambukizwa juzi, kipaji chake kinasoma 36 na nusu.

Ulimwengu nao ulikuwa unabishana. Januari 2020 huko Ujerumani, karibu na Munich, mfanyakazi aliyetoka Shanghai alikaa mikutano na wenzake, akarudi China, ndipo akaugua. Wenzake wakakutwa na kirusi. Madaktari wakaandika haraka: huyu aliambukiza akiwa hana dalili! Baadaye alipoulizwa mwenyewe vizuri ikajulikana kwamba siku zile alikuwa amechoka, mwili unauma kidogo, na alikunywa paracetamol. Wataalamu walipigana sana juu ya hilo. Mimi nilicheka, maana huyo ni kila mama ninayemjua. Kichwa kinagonga, anameza panadol mbili, anajifunga kitenge, anakwenda kuuza nyanya. Ukimuuliza "ulikuwa unaumwa?" atakwambia hapana, na hakudanganyi. Kwa hiyo ukisikia "hakuwa na dalili", nusu yake ni "alikuwa nazo ila hakuzihesabu".

Lakini wasio na chochote kabisa nao wapo, na ushahidi mzuri ulitoka mji mdogo wa Italia unaoitwa Vo', watu elfu tatu na kidogo tu, mdogo kuliko kata zetu nyingi. Februari 2020 walifunga mji wakampima karibu kila mtu, anayekohoa na asiyekohoa, mara mbili. Katika waliokutwa na kirusi, zaidi ya 40 kwa kila 100 hawakuwa na dalili yoyote. Na kirusi puani mwao hakikuwa kidogo kuliko cha waliokuwa wanaumwa.

Juni mwaka huo mtaalamu wa Shirika la Afya Duniani, Maria Van Kerkhove, alisema kwamba maambukizi kutoka kwa wasio na dalili yanaonekana kuwa nadra sana. Kesho yake akarudi kufafanua, kwamba alikuwa anaongelea tafiti chache, na kwamba waliokuwa bado hawajaanza dalili ni habari nyingine. Watu wengi walisikia siku ya kwanza tu.

Turudi barabarani kwetu. Mei 2020 nchi jirani zilianza kuwapima madereva wa malori mipakani. Tarehe 9 Mei Zambia ilitangaza wagonjwa wapya 85 kwa siku moja, na 76 kati yao walitoka Nakonde, ng'ambo tu ya Tunduma. Tarehe 11 mpaka ule ukafungwa, malori yakapanga foleni. Kenya na Uganda nako madereva walikuwa wanakutwa na kirusi huku wanaendesha vizuri, wanakula, wanapiga simu nyumbani.

Hapo ndipo dereva wa lori akawa jina la ugonjwa. Kuna wake wa madereva hapa Makambako walinyimwa kuchota maji bombani na wenzao. Dereva anafika nyumbani, majirani wanaita watoto ndani.

Lakini fikiria kidogo: kwa nini walikutwa madereva? Kwa sababu ndio waliopimwa. Hakuna aliyesimama mlangoni mwa kanisa, au sokoni, au kwenye harusi, akapima kila mtu. Penye kipimo ndipo ugonjwa ulipoonekana, na aliyepimwa ndiye aliyelaumiwa. Takwimu za kwetu zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 mwanzoni mwa Mei, kwa hiyo sisi ndio kabisa hatukuwa na cha kutuonyesha nani anacho.

Kenya walipata njia nzuri ya kuchungulia. Kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020 watafiti walichukua damu za wachangiaji, sampuli zaidi ya 3,000, wakatafuta alama za kinga dhidi ya korona. Sasa mchangia damu ni nani? Ni mtu mzima wa afya, ukiwa na homa hatukutoi damu. Walipopiga hesabu kwa nchi nzima wakapata kama watu 4 katika kila 100 walikuwa wameshakutana na kirusi, Nairobi na Mombasa 7 au 8. Wagonjwa waliotangazwa nchini humo wakati ule walikuwa elfu chache tu. Yaani kwa mamia ya maelfu ya watu kilipita, na wengi wao hawakuwahi kujua. Walikuwa makarani, wanafunzi, wauza samaki, watu wa kawaida kabisa.

Njombe tulipaswa kulielewa hili mapema kuliko mtu yeyote. Mkoa wetu ndio unaoongoza kwa maambukizi ya VVU nchini, asilimia 11.4 kwenye utafiti wa 2016/17 na 12.7 kwenye ule wa 2022/23. Miaka yote hii tumewaambia watu kwamba huwezi kumjua mtu kwa kumtazama, na watu wameelewa, wamepima, wanakunywa dawa, wanazaa watoto salama. (VVU haviambukizi kwa hewa wala kwa kikombe, tafadhali msichanganye, nazungumzia akili ya kutotegemea macho.) Na huko nako aliyelaumiwa wa kwanza alikuwa dereva wa lori.

SEHEMU YA 5

Hii ndiyo sehemu niliyokuwa naitaka tangu mwanzo, kwa sababu inahusu vichanga.

Kuna kirusi kinaitwa RSV. Jina lake hamlisikii sana, ila kazi yake mnaijua: mtoto wa miezi miwili, mitatu, anaanza na mafua ya kawaida, siku ya tatu anabanwa, kifua kinapiga mluzi, mbavu zinazama, hawezi kunyonya kwa sababu hawezi kunyonya na kupumua kwa pamoja. Duniani ndicho kirusi kinacholaza hospitalini vichanga wengi kuliko vyote kwa matatizo ya kifua. Kwa mtu mzima ni mafua tu, au si kitu kabisa.

Swali lilikuwa ni lile lile la bibi: nani kamletea? Na kuna watu waliamua kulijibu kwa vitendo, pwani ya Kenya, Kilifi. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kilichagua kaya 47 za vijijini zenye kichanga na ndugu zake wakubwa, jumla watu 493. Kuanzia mwisho wa 2009 mpaka katikati ya 2010, mara mbili kwa wiki, walipita nyumba kwa nyumba wakichukua kipimo cha puani kwa kila mtu. Anayeumwa anapimwa, asiyeumwa anapimwa. Bibi, baba, shangazi, wote. Miezi sita. Sijui kama mnaelewa ni kazi ya namna gani kumtia mzee kijiti puani mara mbili kwa wiki miezi sita. Nawavulia kofia, na familia zile nazivulia mbili.

Walichokipata ni kwamba katika kila mara 10 kirusi kilipoingia kwa mtu, karibu mara 4 hakukuwa na dalili yoyote. Vichanga ndio walioonyesha dalili zaidi. Kadiri umri unavyopanda, ndivyo kirusi kinavyopita kimyakimya. Maana yake ni kwamba mgonjwa anayeonekana ndani ya nyumba ni mtoto mdogo, na mtoto mdogo ndiye wa mwisho kukipata. Familia inamwona yeye kwanza, inadhani ugonjwa umeanzia kwake, basi inaanza kumchunguza mama: ulimpeleka wapi?

Na aliyekileta mara nyingi alikuwa ndugu mkubwa wa kichanga, hasa yule anayesoma shule. Siyo mgeni wa mbali, siyo upepo, siyo kofia iliyosahaulika. Ni kale ka-darasa la pili kanakorudi saa nane, kanatupa begi, kanamkimbilia mdogo wake kumbusu mdomoni.

Ningependa hapo usikasirike na huyo mtoto. Hana kosa. Anampenda mdogo wake.

Watafiti hao hao waliona pia kwamba wasio na dalili walitoa virusi vichache zaidi na kwa siku chache kuliko wanaokohoa. Kwa hiyo mwenye kikohozi bado ndiye wa kukaa mbali zaidi, sijasema vinginevyo. Na ndiyo maana mwanzoni nilisema yule ambaye dalili zake ziko njiani ni hatari kuliko asiyepata kabisa: huyu wa kwanza virusi vyake vinapanda kwa kasi na bado hajajua akae nyumbani.

SEHEMU YA 6

Mmeniandikia sana: sasa nesi, kama kila mtu anaweza kuwa nacho, tufanyeje, tufungie mtoto kabatini?

Hapana. Wazee wetu walikuwa na arobaini. Mzazi na kichanga wanakaa ndani siku 40. Mimi naiheshimu sana ile desturi, sababu wiki za kwanza ndizo mapafu ya mtoto yako dhaifu. Ila angalia tulivyoigeuza: mama na mtoto hawatoki, ni kweli, lakini mtaa mzima unaingia. Wageni 20 kwa Jumapili moja, mtoto anapita mkono kwa mkono, dirisha limefungwa kwa ajili ya baridi. Bora ungekwenda naye uani kwenye jua.

Kwa hiyo mimi mgonjwa anayeonekana simtumii kama kipimo. Natumia mahali na mazoea, yasiyomwuliza mtu kama anaumwa. Kila anayeingia ananawa kwa maji na sabuni kabla ya kumshika mtoto, awe baba, awe mchungaji, awe mama mkwe. Ikiwa ni sheria ya wote, hakuna anayetuhumiwa. Busu ni miguuni au kisogoni, siyo usoni. Mwanafunzi akirudi ananawa, anavua sare, ndipo anamkumbatia mdogo wake. Jua likitoka mchana fungua dirisha nusu saa hata kama ni Julai. Na jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa, moshi wake usioonekana unaua familia nzima usiku mmoja, na kwa mtoto mwenye kifua ni mzigo juu ya mzigo.

Wewe mama ukishikwa na mafua, usiache kunyonyesha. Mwili wako unatengeneza kinga na inapita kwenye maziwa. Funga barakoa au kitenge puani na mdomoni wakati wa kunyonyesha, nawa mikono, endelea.

Kuhusu mama mkwe, maana ndiyo maswali mengi ya inbox: usimwambie "mama unaweza kuwa na ugonjwa". Utaharibu nyumba. Weka ndoo yenye koki na sabuni pale mlangoni, na mumeo awe wa kwanza kunawa mbele yake. Mkamwene vizuri, mletee maji ya kunawa kama unavyomletea kabla ya chakula. Hapo umemheshimu. Hakuna mkwe wa Kibena aliyekataa maji ya kunawa.

Na jambo la kuhesabu. Mtoto akiwa na mafua, mlaze akiwa ametulia, siyo analia, siyo ananyonya. Funua kifua. Hesabu anavyopumua kwa dakika nzima kwenye saa ya simu, dakika kamili, siyo nusu halafu uzidishe. Chini ya miezi miwili: 60 au zaidi, kituo cha afya. Miezi miwili mpaka kumi na moja: 50 au zaidi. Mwaka mmoja mpaka kabla hajatimiza mitano: 40 au zaidi. Nyama za chini ya mbavu zikizama anapovuta pumzi, au akikataa kunyonya, au midomo ikibadilika rangi, usihesabu tena, usingoje asubuhi, usimpake mafuta ya kifua. Beba mtoto uende usiku huo huo.

Kesho jioni naweka video ya kuhesabu pumzi, mtoto wa dada yangu amekubali kuwa mfano kwa malipo ya biskuti. Mlio Makambako, Igwachanya, Lupembe na Makete mtaniambia kama sauti inasikika, mara ya mwisho mtandao ulinikatia katikati.